Kadi Imechomekwa, GnuPG Haioni: Utatuzi wa Matatizo ya Smatikadi kwenye Linux

Ujumbe «gpg: selecting card failed: No such device», unaotoka kwa GnuPG, programu ya kusimba na kutia saini data, huudhi kwa sababu unakana jambo ambalo mtu analiona kwa macho yake. Kadi inayohifadhi funguo za siri imo kwenye tundu la USB, taa yake inawaka, jana jioni ilitumika kutia saini bila shida, na leo asubuhi programu inadai kwamba hakuna kifaa. Anayeuamini ujumbe huo jinsi ulivyo huanza kwa kubadilisha tundu, kisha hufuta programu na kuisakinisha upya, na mwishowe, akiwa amechoka, huandika amri ya kuirudisha kadi katika hali ya kiwandani. Amri hiyo hutii mara moja, na funguo zote zilizokuwa ndani ya kadi hupotea.

Nimemwona mfanyakazi mwenzangu akifanya hivyo. Kadi yake haikuwa na ugonjwa wowote. Kivinjari chake ndicho kilichokuwa kimeishikilia. Ufunguo wa kusimbua ulikuwa umetengenezwa ndani ya kadi yenyewe bila nakala, na barua zake za miaka kadhaa zilibaki zimefungwa hadi leo. Tangu siku hiyo, mtu akiniletea kadi inayogoma, swali langu la kwanza halihusu usimbaji, bali ni hili: kwa wakati huu, nani ameishika kadi? Katika kazi yangu, swali hilo limetibu matatizo mengi kuliko amri nyingine yoyote.

Maelezo yafuatayo yanahusu GnuPG ya matoleo ya 2.2 na 2.4 pamoja na kadi zinazofuata vipimo vya OpenPGP, zikiwemo YubiKey na Nitrokey, ambazo kwa umbo ni vijiti vya USB lakini kwa mfumo ni kisomakadi chenye kadi isiyotoka. Miongozo mingi iliyosambaa mtandaoni iliandikwa kabla ya GnuPG 2.1, iliyotoka mwaka 2014 na kubadilisha namna funguo za siri zinavyohifadhiwa. Ukikuta maelezo yanayokutaka uhariri faili la secring.gpg, yaache.

Nani anaongea na nani

Unapoandika `gpg --card-status`, gpg yenyewe haisemi neno lolote na kadi. Hupeleka ombi kwa gpg-agent, ambayo ndiyo mlinzi wa funguo za siri. Gpg-agent huiamsha scdaemon, ambayo kazi yake ni kadi tu. Na scdaemon ina njia mbili za kuifikia kadi, kwani inaweza kutumia draiva yake ya ndani ya CCID (kanuni ya mawasiliano ya visomakadi vya USB) na kuongea na USB moja kwa moja kupitia maktaba ya libusb, au inaweza kupitia huduma ya mfumo iitwayo pcscd. Chini yao wote iko keneli, inayoamua mtumiaji gani anaruhusiwa kugusa kifaa gani. Kila mmoja katika mnyororo huu akishindwa humjibu aliye juu yake kwa neno fupi, na neno hilo likifika kwenye terminali huwa limeshapoteza maelezo yake yote. Ndiyo maana «No such device» inaweza kumaanisha kwamba kifaa hakipo, kwamba kipo lakini huruhusiwi kukigusa, au kwamba kipo, unaruhusiwa, ila mwingine amekutangulia.

Kwa hiyo uchunguzi huanzia chini, kwenye waya, na kupanda.

Kadi imechomekwa, ujumbe unasema «No such device»

Andika `lsusb` na utafute mstari wa kifaa chako. Kwa YubiKey ya kawaida mstari huonekana hivi:

```
Bus 001 Device 007: ID 1050:0407 Yubico.com Yubikey 4/5 OTP+U2F+CCID
```

Namba 1050 ni ya mtengenezaji, Yubico. Nitrokey hutumia 20a0. Mstari usipoonekana kabisa, tatizo ni la umeme au la waya, na hapo kubadilisha tundu ni jambo la maana, hasa kama kadi ilikuwa imechomekwa kwenye kigawanyio cha USB kisicho na umeme wake. Mstari ukionekana, tazama mwisho wake. Herufi CCID ndizo zinazotangaza kwamba kifaa kina upande wa smatikadi. Zisipokuwepo, upande huo umezimwa ndani ya kifaa chenyewe, na kwa YubiKey huwashwa kwa ykman, programu ya Yubico ya kuipangia: `ykman config usb --enable OPENPGP`. Nimekutana na vifaa viwili vya namna hii, vyote vikiwa vimewekwa na mtu aliyetaka vitumike kwa kuingia kwenye tovuti tu.

Kinachofuata ni ruhusa. Namba za basi na kifaa zilizo kwenye mstari ule hukupeleka kwenye faili la kifaa:

```
getfacl /dev/bus/usb/001/007
```

Kama unatumia draiva ya ndani ya scdaemon, jina lako lazima lionekane hapo likiwa na rw. Ruhusa hiyo hutolewa na kanuni za udev (sehemu ya mfumo inayosimamia vifaa vinavyochomekwa), ambazo kwenye Debian na Ubuntu huja pamoja na kifurushi cha scdaemon, na hutolewa kwa yule aliyeketi mbele ya kompyuta, si kwa kila mwenye akaunti. Ikiwa kifurushi kilisakinishwa wakati kadi tayari imechomekwa, ichomoe na uichomeke tena ili kanuni zisomwe.

Iwapo kifaa kipo na ruhusa ipo, basi karibu kila mara tunaangalia ugomvi kati ya scdaemon na pcscd. Draiva ya ndani ya scdaemon hutaka kukimiliki kifaa cha USB peke yake, na pcscd nayo hutaka vivyo hivyo. Mafahali wawili hawakai zizi moja. Anayewahi asubuhi ndiye anayebaki na kadi, na mwingine huripoti kwamba hakuna kifaa. Hii ndiyo sababu tatizo huja na kuondoka bila mpangilio, na ndiyo sababu kuwasha kompyuta upya «hutibu» kwa siku moja au mbili.

Siku ambayo kadi inafanya kazi, tazama mstari wa Reader katika matokeo ya `gpg --card-status`, kwa kuwa mstari huo husema njia iliyotumika. Ukisoma namba kama `1050:0407:X:0`, scdaemon inatumia draiva yake ya ndani. Ukisoma jina refu kama `Yubico YubiKey OTP FIDO CCID 00 00`, inapitia pcscd. Mstari huu mdogo, ambao watu wengi huuruka wakikimbilia funguo zao, hujibu nusu ya maswali ya mwongozo huu.

Dawa ni kuchagua njia moja na kuifunga nyingine. Kama kadi inatumiwa na GnuPG peke yake, zima pcscd, ukikumbuka kwamba kuizima huduma bila kuizima soketi yake ni kazi bure, kwani soketi huiamsha huduma tena mara programu yoyote inapobisha hodi:

```
sudo systemctl disable --now pcscd.socket pcscd.service
```

Kama kadi hiyohiyo inatumiwa pia na kivinjari, na ykman au na mfumo wa kuingia kwenye kompyuta, acha pcscd iwe mwenye kadi na uikataze scdaemon isitumie draiva yake. Mstari mmoja unatosha katika faili `~/.gnupg/scdaemon.conf`:

```
disable-ccid
```

Kisha andika `gpgconf --kill scdaemon` ili isome mipangilio mipya, na uhakikishe kwamba draiva ya pcscd yenyewe imesakinishwa, ambayo kwenye Debian ni kifurushi cha libccid. Amri ya `pcsc_scan`, iliyo katika kifurushi cha pcsc-tools, itakuonyesha kama pcscd inaiona kadi.

Kwa maoni yangu njia hii ya pili ndiyo inayofaa kompyuta nyingi za kazini, kwa sababu hata kama leo pcscd haihitajiki, siku moja mtu atasakinisha programu itakayoileta. Iko pia sababu ya kimatoleo. GnuPG 2.2 ilikuwa na huruma: draiva ya ndani ikishindwa, scdaemon ilijaribu pcscd kimyakimya. Kuanzia 2.3 huruma hiyo imeondolewa, na scdaemon haijaribu tena njia ya pili isipoambiwa. Waliohama kutoka Debian 12, yenye GnuPG 2.2.40, kwenda Debian 13, yenye 2.4, waliona kadi zao «zikifa» baada ya sasisho ilhali hakuna kilichoharibika. Mipangilio yao ilikuwa inaegemea ukuta ambao umebomolewa.

Inafanya kazi mpaka kivinjari kifunguliwe

Dalili hii ni ndugu wa iliyotangulia, ila hapa kila mtu tayari anapitia pcscd. Firefox inaweza kupakia moduli ya OpenSC ili kusoma vyeti vilivyomo kwenye kadi, na ikishaifungua kadi huendelea kuishikilia. scdaemon kwa kawaida huomba kadi iwe yake peke yake, hukataliwa, na katika faili la kumbukumbu huacha maneno «sharing violation» pamoja na namba 0x8010000b. Ukiiona namba hiyo, acha kutafuta kosa kwenye funguo.

Kama huhitaji vyeti vya kadi kwenye kivinjari, ondoa moduli ya OpenSC katika orodha ya vifaa vya usalama vya Firefox, na suala litakuwa limekwisha. Kama unavihitaji, matoleo mapya ya scdaemon yana mpangilio wa `pcsc-shared`, unaoiruhusu kushiriki kadi na wengine. Watunzi wa GnuPG wanauita mpangilio huo wa hatari kidogo, na wana haki: scdaemon hukumbuka baadhi ya habari za kadi ikidhani kwamba hakuna mwingine anayeigusa, na programu nyingine ikibadilisha hali ya kadi kumbukumbu hiyo huwa ya uongo. Matokeo yake ni kuulizwa PIN mara kwa mara, au operesheni kushindwa mara ya kwanza na kufaulu ya pili. Mimi huutumia kwenye kompyuta yangu, lakini siuweki kwenye kompyuta ya mtu ambaye atanipigia simu saa nne usiku.

Kompyuta mpakato inapoamka kutoka usingizini huleta kisa kinachofanana, kwani scdaemon huamini kwamba bado ina mazungumzo na kadi ambayo tayari imekatiwa umeme. Hapo `gpgconf --kill scdaemon` inatosha.

Inafanya kazi mezani, inakataa kwa mbali

Mwaka fulani nilikuwa Morogoro, na kadi ya kutia saini vifurushi ilikuwa imechomekwa kwenye mashine iliyoko Dar es Salaam. Niliingia kwa SSH kwa akaunti ileile ninayoitumia nikiwa mezani, nikaandika amri ileile, nikaambiwa hakuna kifaa. Aliyekuwa ofisini akaketi mbele ya mashine, akaingia kwa akaunti ileile, na kadi ikaonekana. Tulipoteza saa nzima tukilaumu mtandao.

Chanzo ni kwamba Linux ya kisasa humtofautisha mtu aliye mbele ya skrini na mtu aliyeingia kwa mbali, hata wakiwa na akaunti moja. Kwa draiva ya ndani, ruhusa ya udev niliyoitaja juu humfuata aliyeketi. Kwa pcscd, anayekataa ni polkit, mtoaji ruhusa wa mfumo, na ushahidi wake hupatikana kwa `journalctl -u pcscd`:

```
IsClientAuthorized() Process 4321 (user: 1000) is NOT authorized for action: access_pcsc
```

Mstari huo ukionekana, tengeneza kikundi cha watumiaji wanaoaminika na uandike kanuni katika faili jipya ndani ya `/etc/polkit-1/rules.d/`, kwa mfano 50-kadi.rules:

```
polkit.addRule(function(action, subject) {
  if ((action.id == "org.debian.pcsc-lite.access_pcsc" ||
       action.id == "org.debian.pcsc-lite.access_card") &&
      subject.isInGroup("watumiakadi")) {
    return polkit.Result.YES;
  }
});
```

Jina la Debian lililo ndani ya kanuni lisikutatanishe. Ndilo linalotumika hata kwenye Fedora. Usiandike kanuni inayomruhusu kila mtu, maana seva yenye kadi ya kutia saini si kibanda cha simu.

«No SmartCard daemon»

Huu ni ujumbe mkweli. Kwenye Debian na Ubuntu, scdaemon ni kifurushi kinachojitegemea na hakiji na gnupg kila mara. Kisakinishe.

PIN inakataliwa

Hapa mkono uwe mzito. Kabla ya kujaribu PIN ya pili, soma mstari wa «PIN retry counter» katika `gpg --card-status`. Kadi mpya huonyesha `3 0 3`: namba ya kwanza ni majaribio yaliyobaki ya PIN ya mtumiaji, ya kati ni ya msimbo wa kufungulia, ambao mwanzoni haujawekwa, na ya mwisho ni ya PIN ya msimamizi. PIN sahihi huirudisha hesabu yake kuwa tatu. PIN isiyo sahihi huipunguza kwa moja, na kadi haijali kama ulikosea kwa haraka au kwa kusahau.

Kosa ninaloliona mara nyingi ni la kusoma dirisha vibaya. Mtu anabadilisha jina lililo kwenye kadi au anahamishia ufunguo, dirisha linamwomba «Admin PIN», naye, kwa mazoea ya mikono, anaandika PIN yake ya kila siku mara tatu. Hesabu ya mwisho inafika sifuri, na PIN ya msimamizi ikishafungwa hakuna mlango wa nyuma: kinachobaki ni kuifuta kadi yote. Kosa la pili ni la mpangilio wa kibodi, kwa mtu aliyeweka alama kama @ ndani ya PIN kisha akaulizwa PIN hiyo mahali ambapo kibodi imewekwa kwa lugha nyingine. PIN si lazima iwe ya tarakimu, lakini ya tarakimu humwepusha mtu na balaa hili.

Hesabu ya kwanza ikiwa sifuri na ya mwisho bado si sifuri, mambo si mabaya. Fungua `gpg --card-edit`, andika `admin`, kisha `passwd`, na uchague kufungua PIN. Utaulizwa PIN ya msimamizi, kisha utaweka PIN mpya ya mtumiaji isiyopungua herufi sita. Kadi ambayo haijawahi kubadilishwa huwa na 123456 kwa mtumiaji na 12345678 kwa msimamizi, na inasikitisha jinsi namba hizo zinavyofaulu mara nyingi kwenye kadi zilizo kazini.

Hakuna dirisha la PIN, kazi inakatika

Maneno «Inappropriate ioctl for device» yanasikika kama kosa la vifaa, lakini maana yake ni kwamba programu ya pinentry haijui ni terminali ipi ya kuulizia PIN. Ongeza mistari hii katika `~/.bashrc`:

```
export GPG_TTY=$(tty)
gpg-connect-agent updatestartuptty /bye >/dev/null
```

Mstari wa pili una faida kubwa kwa wanaotumia tmux au terminali kadhaa kwa pamoja, kwa sababu bila huo swali la PIN hujitokeza kwenye dirisha ulilolifungua asubuhi na kulisahau, huku wewe ukisubiri kwenye dirisha lingine na kudhani kwamba kadi imekwama. Ikiwa ujumbe ni «No pinentry», basi haijasakinishwa, au njia iliyoandikwa kwenye `gpg-agent.conf` inaelekeza mahali pasipo na kitu.

Kadi inaonekana, lakini «No secret key»

Kadi ya OpenPGP hubeba sehemu ya siri ya funguo tatu: wa kutia saini, wa kusimbua na wa kujithibitisha. Haibebi ufunguo wa umma kwa ukamilifu wake, yaani pamoja na jina lako na saini zake. Ndiyo maana mtu akichomeka kadi kwenye kompyuta mpya, `--card-status` hujaa habari ilhali `gpg -K` haionyeshi kitu. Ingiza kwanza ufunguo wako wa umma kutoka kwenye faili au kwa amri `fetch` ndani ya `--card-edit`, kama uliweka anwani yake kwenye kadi. Kisha endesha `gpg --card-status` mara moja. Wakati huo GnuPG huandika ndani ya folda ya `private-keys-v1.d` faili dogo kwa kila ufunguo, lisilo na siri yoyote, linalosema tu kwamba siri iko kwenye kadi yenye namba fulani. GnuPG yenyewe huiita faili hiyo kivuli, na kwenye `gpg -K` utaitambua kwa alama ya `ssb>`. Alama ya `sec#` kwenye ufunguo mkuu ina maana kwamba ufunguo huo haupo kwenye kompyuta, na kwa aliyeuhifadhi mahali pengine kwa makusudi hilo ni jambo jema.

Vivuli hivyo ndivyo vinavyomsumbua mwenye kadi mbili zenye funguo zilezile, moja ya kila siku na moja ya akiba. Anachomeka ya akiba, naye anaombwa aingize kadi yenye namba ya ile iliyopotea. Kivuli kinamkumbuka marehemu. Amri hii hukilazimisha kumtambua aliye hai:

```
gpg-connect-agent "scd serialno" "learn --force" /bye
```

Ikiwa baadhi ya barua zinafunguka na nyingine hazifunguki, huenda zilisimbwa kwa ufunguo mdogo wa zamani. `gpg --list-packets barua.gpg` itaonyesha namba ya ufunguo uliotumika. Ilinganishe na orodha ya `gpg -K --keyid-format long`. Namba zisipolingana, tafuta kadi ya zamani au nakala iliyohifadhiwa. Jambo hili huwapata pia waliotumia `keytocard` bila kujua kwamba amri hiyo huhamisha wala hainakili: ukishahifadhi mabadiliko, kilichobaki kwenye diski ni kivuli tu, kwa hiyo nakala ya akiba hufanywa kabla yake.

SSH haitumii kadi

Andika `echo $SSH_AUTH_SOCK`. Ukisoma njia inayoishia na `keyring/ssh` au `gcr/ssh`, basi SSH inaongea na mlinzi wa GNOME, na gpg-agent haijaulizwa chochote. Weka `enable-ssh-support` katika `gpg-agent.conf`, kisha uielekeze SSH kwa mlinzi sahihi:

```
export SSH_AUTH_SOCK=$(gpgconf --list-dirs agent-ssh-socket)
```

Kadi ikitambuliwa, `ssh-add -L` hutoa mstari unaoishia na neno `cardno:` na namba ya kadi. Ikisema haina utambulisho wowote, angalia kama nafasi ya tatu ya kadi, ile ya kujithibitisha, ina ufunguo; wengi hujaza mbili za kwanza na kuisahau hii.

Ujumbe «agent refused operation» ni mpana mno, na mara nyingi ni pinentry iliyokosa terminali. Kipo kisa kimoja, hata hivyo, kinachostahili kutajwa peke yake. Ubuntu 22.04 ilikuja na OpenSSH 8.9 na GnuPG 2.2.27. Toleo hilo la OpenSSH lilirefusha data inayotiwa saini wakati wa kuingia kwenye seva mpya, na kadi yenye ufunguo wa Ed25519 hupokea data hiyo nzima, tofauti na RSA inayopokea muhtasari wake tu. Data ikawa ndefu kuliko scdaemon ya wakati ule ilivyokubali, na kwenye kumbukumbu ikaandika «Provided object is too large». Mtu aliingia kwenye seva ya zamani bila shida na kukataliwa kwenye mpya, kwa kadi moja na PIN moja. Kwa aliyebaki na matoleo hayo, mstari wa `PubkeyAuthentication unbound` katika `~/.ssh/config` kwa seva husika huondoa tatizo. Kuhamia toleo jipya la GnuPG ni bora zaidi.

Kuingia kwenye kompyuta yenyewe kwa kadi

Hapa tunatoka kwenye GnuPG na kuingia kwenye vyeti vya X.509, kwa kawaida kupitia SSSD, huduma ya mfumo inayothibitisha watumiaji. Usiguse mipangilio ya PAM (sehemu ya Linux inayoamua nani aingie) bila kuacha terminali nyingine ikiwa wazi kwa root, nimesema.

Ikiwa skrini ya kuingia haiulizi PIN kabisa, hakikisha kwamba sehemu ya `[pam]` katika `sssd.conf` ina `pam_cert_auth = True` na kwamba cheti cha mamlaka kimo ndani ya `/etc/sssd/pki/sssd_auth_ca_db.pem`. Ikiwa inauliza na kukataa, soma `/var/log/sssd/p11_child.log`. Sababu mbili hujirudia sana. Ya kwanza ni saa: betri ya ubao mkuu imekufa, umeme ukakatika usiku, kompyuta ikaamka ikidhani ni miaka kadhaa iliyopita, na cheti kikaonekana hakijaanza kutumika; `timedatectl` huonyesha hilo mara moja. Ya pili ni kwamba SSSD hujaribu kuuliza kwa OCSP kama cheti kimefutwa, na intaneti ikikatika swali hilo halijibiwi. Mpangilio wa `certificate_verification = no_ocsp` huondoa ukaguzi huo, lakini uamuzi wa kuuondoa ni wa mwenye dhamana ya usalama, si wa fundi anayetaka kwenda nyumbani.

Yote yakishindikana, soma kumbukumbu

Weka mistari hii katika `scdaemon.conf`, iue scdaemon, rudia kosa mara moja tu, kisha usome faili kuanzia mwisho kwenda juu mpaka ufikie kosa la kwanza katika mfululizo:

```
debug-level guru
log-file /home/jina/scd.log
```

Kwa kiwango hicho scdaemon inaweza kuandika mazungumzo yake yote na kadi, PIN ikiwemo. Faili lisitumwe kwa mtu kabla ya kusafishwa, mistari hiyo iondolewe kwenye mipangilio, na faili lenyewe lifutwe kwa `shred -u`. Kama liliwahi kuondoka kwenye kompyuta yako, badilisha PIN siku hiyohiyo.